Kabla Hatujauza Vyote, Tuache Njia ya Punda

Vijana wameniomba niandike nilichoongea Jumamosi pale chini ya mwembe wa serikali ya mtaa, maana wengi walichelewa, foleni ya Gongo la Mboto mnaijua wenyewe. Nimeandika hivohivo kama nilivoongea, nimetoa tu sehemu niliyokuwa nakohoa na ile sehemu simu ya mzee mmoja ililia taarabu mpaka ikaisha.

Mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, wazee wenzangu, kina mama, na nyie madogo wa bodaboda mliokaa huko nyuma karibu na pikipiki zenu kama watu wanaotaka kukimbia, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine zenu nimeshazipokea, marahaba.

Mi wengi mnanijua, nimekuwa bwana mifugo miaka mingi, nshachanja mbwa wa baba zenu na nshazalisha ng'ombe saa nane usiku tochi nimeing'ata mdomoni, sasa nimestaafu nipo zangu hapa Chanika na punda wangu wawili wa kubeba maji na tofali. Nimekuja kwa sababu ya wale farasi.

Kwa ambao hawana stori, miezi minne iliyopita fuso ilikwama pale kona ya mashine ya kusaga, watu wakatoka kusukuma, kufika wanakuta ndani kuna farasi wawili, mmoja wa kahawia na mmoja mweupe mweupe hivi, watoto wakaacha hadi kombolela. Bibi yetu mmoja, simtaji maana yupo hapa ananiangalia, akauliza jamani huyu punda kalishwa nini? Siku ile kila mtu alifurahi, simu juu, picha. Wiki ya tatu malalamiko yakaanza. Oh wanaleta inzi, oh wanaleta magonjwa, oh dogo wa boda kaanguka, oh tajiri kaja kutuonyeshea. Mwenyekiti kaletewa barua yenye sahihi kumi na saba inataka wale wanyama waondoke. Nimeisoma. Jina la mwanangu mwenyewe limo.

Sasa naomba niongee kidogo kama mtu wa mifugo, afu nitaongea kama jirani.

Kwanza tujiulize kwa nini farasi kwetu ni kioja hadi leo. Neno tunalo, tumelitoa kwa Waarabu zamani sana, hata mtu wa kumtunza farasi Kiswahili cha zamani kinamwita saisi, muulizeni yeyote chini ya miaka 40 kama anajua saisi ni nani, atakwambia ni saizi ya viatu. Lakini mnyama mwenyewe hajawahi kukaa pwani hii kwa raha. Mmesoma shuleni misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, mizigo ilibebwa na nani? Wapagazi. Mtu anabeba kama frasila mbili kichwani au begani, kilo thelathini na kitu, miezi. Siyo kwamba wenye misafara hawakujua farasi yupo, wanajua sana, ila wakimleta anakufa. Yule Stanley aliyemfuata Livingstone alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, wote walimfia njiani hata hajafika mbali na pwani. Wanyama wa kupanda wa mzungu mwenye hela za gazeti la Marekani! Bagamoyo hapo, nauli yenyewe mnaijua.

Kinachoua ni viwili vikubwa. Kuna mbung'o, yule inzi anayefyonza damu na kuleta ugonjwa wa nagana, huyo mnamfahamu, anamaliza ng'ombe na farasi ndo kabisa. Mbung'o anaweza kushindwa, wenzetu wa Unguja walimmaliza miaka ya 90, walizalisha mbung'o dume kule Tanga kwenye kituo cha utafiti, wakawapiga mionzi wakawa wagumba, wakawamwaga na ndege zaidi ya milioni nane, majike wakapandwa na wagumba mpaka kizazi kikakatika, mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina. Mi kila nikiisimulia hii watu wanadhani natania. Wanatufundisha sayansi inatoka nje wakati dume wagumba wametoka Tanga.

Cha pili ndo kibaya zaidi kwa farasi, ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi, unaenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni hadi alfajiri. Ukiingia vibaya kwenye farasi wasiochanjwa unaweza kuua hadi tisa kwenye kumi, asubuhi anakula, jioni povu linatoka puani. Punda na pundamilia wanapata virusi ila mara nyingi hawaumwi, wanavibeba tu kimyakimya. Mmeona ilivo? Barua inasema farasi watatuletea magonjwa, kumbe kwa hesabu ya kweli wa kuogopwa ni punda wangu mimi, wale wanaolala mita mia mbili kutoka kwenye banda la yule tajiri mgeni mwenye farasi. Nilivomwendea nikamwambia hivo alishtuka, mi nikamwambia tulia bwana, chanja, chanjo yake inatengenezwa Afrika Kusini, saa kumi na moja jioni ingiza farasi ndani, weka neti madirishani, usiache maji yaliyotuama na matope yenye mavi maana usubi anazaliana humo. Na sampo za damu zipelekwe maabara pale Temeke Veterinari. Nyie kile kituo mnashuka kila siku mnadhani ni jina tu, pale ndo ilipo maabara ya mifugo ya serikali.

Kwa hiyo magonjwa kutoka kwao kuja kwetu, moja tu nalisema kwa uzito, ni pepopunda. Lisikilizeni lenyewe jina, wazee hawakulitunga bure. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya farasi na punda, mtoto akikanyaga msumari wenye udongo huo na hana chanjo ndo basi. Dawa yake ni kadi ya kliniki, kina mama mnajua, watoto wachanjwe wamalize dozi na mjamzito asikwepe sindano yake. Ambayo ilitakiwa iwe hivo hata kama farasi wangebaki huko walikotoka, kwa sababu punda tumeishi nao siku zote na hakuna aliyeandika barua.

Inzi. Ni kweli, inzi wapo. Farasi mmoja anatoa mavi kama kilo 20 kwa siku, wawili ni kilo 40, ukiyaacha wiki unaona mwenyewe. Lakini hapa tupo watu wa mchicha na matembele bondeni tunaonunua samadi ya kuku kwa kiroba, afu tunalalamika mavi ya bure yapo jirani? Nimeshaongea naye, yatatoka kila asubuhi yanarundikwa yanafunikwa na turubai, yakiiva baada ya miezi miwili mitatu mwenye bustani abebe. Mama wa genge la pili tayari kaweka oda. Hilo limekwisha.

Sasa nije kwa hili la boda maana ndo lililowasha moto.

Mi nilikuwepo. Ilikuwa saa mbili asubuhi, saisi, yule kijana wao, anamtembeza yule mweupe barabara ya juu, dogo anakuja na boda abiria wawili na kiroba cha mkaa, anaona farasi, badala ya kupunguza anapiga honi, ile honi ya lori aliyoifunga kwenye pikipiki, sijui nani anawauzia hizi. Farasi akarukia mtaroni, dogo akaogopa akaangukia upande wa pili, mkaa wote chini, goti likachunika. Dogo yupo hapa, goti limepona, simsemi vibaya. Lakini jamani farasi kazaliwa kukimbia, hapigani, akisikia kitu nyuma yake mwili unaondoka kabla akili haijafika. Na macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote ila haoni vizuri kilicho nyuma ya mkia kabisa, ukimjia huko na kelele unamtafuta ubaya. Uingereza, ambako watu wanapanda farasi barabarani na magari yapo, kanuni zao za barabarani tangu mwaka 2022 zinasema ukimpita farasi usizidi maili 10 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 16, na umwachie nafasi ya mita mbili. Kilomita 16 ni spidi ya boda kwenye tope, mnaiweza. London karibu na ile bustani kubwa ya Hyde Park wana kivuko cha farasi chenye taa, na batani ya kubonyeza imewekwa juu ili mtu aliyepanda afikie bila kushuka. Hebu fikirieni, taa za barabarani za farasi, sie hapa hata za watu hatuna toka Pugu Kajiungeni.

Ila hata dogo angepita taratibu, tatizo lingebaki, kwa sababu pale barabara ina upana gani? Nimeipima kwa hatua. Hatua sita. Ukuta huku, ukuta huku, mtaro katikati ya hatua ya tano. Bajaji na punda wangu wenye madumu hawapishani, mmoja lazima arudi nyuma na punda harudi nyuma mnajua. Zamani, na siyo zamani sana, miaka kumi na tano tu, pale palikuwa na mikorosho na kinjia cha ng'ombe, unapita hadi korongoni bila kugusa barabara. Kinjia kile kiko wapi? Tumekiuza. Nasema tumekiuza maana hata mimi nilikuwa shahidi kwenye karatasi moja, nilipewa elfu kumi ya soda. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, ishirini kwa ishirini, mpaka shamba limekwisha, kila mtu katoka mjini kafuata hewa safi na nafasi, kafika kapiga ukuta wa futi tisa na chupa juu. Sensa ya 2022 imetuhesabu Dar tuko watu 5,383,728, ile ya 2012 tulikuwa 4,364,541, zaidi ya milioni imeongezeka ndani ya miaka kumi na hawa wote hawaendi kuishi Posta, wanakuja huku kwetu, Chanika, Msongola, Bunju, Kigamboni ndani huko.

Kuna mji Marekani, jimbo la California, unaitwa Norco, upo kama kilomita 80 kutoka Los Angeles, na Los Angeles mnaijua ni jiji la magari mpaka basi. Norco wenyewe wako kama watu elfu 26, mtaa mkubwa wa kwetu unawameza. Mwaka 1964 walijisajili kuwa mji wao wenyewe kwa sababu waliona jiji linakuja na wakataka waendelee kufuga. Pembeni ya barabara zao, pale ambapo sehemu nyingine kuna njia ya saruji ya waenda kwa miguu, wao wameweka njia ya udongo ya farasi, na madukani kuna vyuma vya kufungia mnyama wako unaingia unanunua mkate. Wanajiita mji wa farasi. Viwanja vyao ni nusu eka, yaani mita za mraba elfu mbili na kidogo, ishirini kwa ishirini zinaingia tano humo.

Najua mnachofikiria, bwana mifugo anataka tuwe Wamarekani, nusu eka hapa nani anaipata. Hapana. Nusu eka imetupita, tuseme ukweli, mwenye nusu eka hapa leo kesho dalali yupo getini. Kinachonishika mimi ni ile njia. Wale watu walikaa wakaandika kwenye sheria za mji kwamba kipande hiki hapa ni cha kupita mnyama, hakijengwi, hakiuzwi, na mtoto wa mtoto wao leo anapita. Sie farasi hatujawahi kuwa nao lakini njia za wanyama tulikuwa nazo, tena nyingi, ila hazikuandikwa popote, zilikuwa kwenye vichwa vya wazee, mzee akifa anakufa na njia.

Na bahati tunayo moja imebaki. Korongo.

Wapimaji wa urasimishaji, wale wa kupima viwanja vyetu vitambulike kisheria, wanakuja, mwenyekiti kasema mwezi ujao, kila mtu ataonyesha mpaka wake. Wakifika korongoni nawajua watu, kila mmoja atasema kiwanja changu kinaishia kwenye maji. Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mita 60! Yaani kuna ukanda mpana pale ambao hata ukilipia, ukijenga, siku yoyote unapigwa X nyekundu, mmeona bonde la Msimbazi watu walivobomolewa, na mto ule unaanzia hapohapo kwenye vilima vya Pugu, siyo mbali. Kwa nini tusiseme wenyewe mapema? Tukiwa na wapimaji tuwaambie hapa pembeni ya korongo, kuanzia darajani hadi kule kwenye njia ya umeme mkubwa, tunaacha njia ya mita tatu au nne, ya udongo, bila simenti, miti ibaki, iandikwe kwenye ramani ya mtaa. Njia ya miguu haijengi kitu, haisogezi maji, na inatoa sababu ya watu kuliangalia korongo, maana sasa hivi linaangaliwa na wanaotupa pampasi tu.

Pale punda wangu watapita na madumu, farasi watatembezwa asubuhi bila kukutana na honi ya lori, mwenye mbuzi atapeleka mbuzi. Na watoto wa shule ya msingi ambao sasa wanapita barabara ya juu wakijibana ukutani gari likija, nao watapita. Mi nimehesabu asubuhi moja, nilikaa na chai yangu, farasi walipita wawili, punda wanne, watoto mia moja na kumi na kitu hapo nikachoka kuhesabu.

Naona umenyoosha mkono, kijana, sema. Anauliza kwa nini tumwachie tajiri njia ya kutembezea farasi zake wakati sisi hatuna hata ya kupitisha maiti. Swali zuri, sikimbii. Wiki mbili zilizopita mzee wetu wa kule chini alipofariki jeneza lilizungushwa wapi? Lilipita kwenye fensi ya mtu, tena kwa kumwomba mlinzi, nikiwemo kwenye wabebaji. Njia ya mita nne anayopita farasi jeneza linapita na watu wawili kila upande. Na huyu mgeni nimemweleza, kama anataka kukaa na sisi, yeye ndo atoe kwanza, kiwanja chake ndo kirefu kuliko vyote upande wa korongo. Kakubali kurudisha fensi yake nyuma mita tano. Mbele ya mwenyekiti, kaandika. Mgeni njoo mwenyeji apone walisema, basi huyu kaja, tupone.

Na la mwisho linanihusu mimi mwenyewe. Kuna mama kanisema kwenye kikao kilichopita kwamba bwana mifugo anatetea farasi wakati punda wake anawabebesha tofali hadi magoti yanatetemeka. Kasema kweli. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na mimi ndo nilikuwa naisomea watu huko vijijini, afu nikija nyumbani namwachia kijana, analipwa kwa tripu, anapakia anavotaka. Nimepunguza, tofali sasa ni nusu ya zile za mwanzo, nimenunua tandiko la sponji, na saisi wa yule jirani kanionyesha kwato za punda wangu zimekua hadi zimepinda, kumbe zinatakiwa kuchongwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Miaka yote hii nimechonga kwato za ng'ombe wa watu, wangu mwenyewe sikuwaangalia miguu. Kanichongea bure, akakataa hata hela ya vocha.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, nipo darajani na kamba, vigingi vya kuchomeka na panga. Mwenye kiwanja upande wa korongo aje na karatasi zake au aje tu mwenyewe, tutatembea wote tukichomeka vigingi, na mzee mmoja anayekumbuka kinjia cha zamani kilipopita nimeshamwomba, atapanda punda wangu maana miguu inamsumbua. Dogo wa boda kasema atakuja. Honi ameitoa, nimeiangalia kabla ya kikao.